Somo la robo hii: Mwanafunzi wa fizikia anaombaje kompyuta?



Katika vikao vya kugawa fedha za elimu, kuna swali ambalo limekuwa likirudi kila mwaka. Barua ya mwanafunzi inasomwa, ada inapita, malazi yanapita, vitabu vinapita, halafu msomaji anafika kwenye mstari wa kompyuta mpakato na kikao kinanyamaza. Mzee mmoja anauliza: "Huyu si anasomea fizikia? Angekuwa anasomea kompyuta tungeelewa." Swali hilo ni halali. Fedha tunazogawa zimetokana na mavuno, na kuku na mikungu ya ndizi iliyopigwa mnada baada ya ibada. Anayezitoa ana haki ya kujua zinanunua nini.

Tunapenda kuanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa ombi la kijana aliyemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCM kwa alama nzuri sana, akiwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya kwanza ya fizikia. Tuliidhinisha kila kitu isipokuwa kompyuta. Mstari ule tuliukata kwa kalamu nyekundu na pembeni tukaandika neno moja: "anasa". Matokeo ya mwaka wa kwanza yalipokuja, kijana alikuwa amefaulu hisabati na mekanika, na ameshindwa kozi moja tu, ile ya utangulizi wa kuandika programu za kompyuta. Tulimwita ofisini tukiwa tumejiandaa kumwonya. Akatueleza kwa upole kwamba kabla ya chuo alikuwa hajawahi kugusa kibodi. Wenzake walipokuwa wameandika mistari ishirini, yeye alikuwa bado anatafuta mahali mabano yalipo. Chumba cha kompyuta kilikuwa na foleni, naye alipata saa moja, pengine mbili kwa wiki, kwa somo ambalo halisomeki kwa kusoma daftari. Hatukuwa na la kumwonya. Tulimtafutia kompyuta iliyokwisha kutumika, akarudia mtihani, akafaulu.

Hivyo basi somo hili tumeliandika kwa ajili ya kamati, lakini pia kwa ajili yetu sisi tulioshika kalamu nyekundu.

FIZIKIA YA UBAONI NA FIZIKIA YA NJE

Waliosoma fizikia sekondari watakumbuka maneno yaliyokuwa yakifuata karibu kila swali: "puuza ukinzani wa hewa". Jiwe linaanguka, puuza hewa. Mpira unarushwa, puuza hewa. Wengi wetu tulidhani hewa inapuuzwa kwa sababu ni kitu kidogo. Ukweli ni kwamba mara nyingi inapuuzwa kwa sababu hesabu yake haifanyiki kirahisi kwa kalamu.

Chukueni tone la mvua. Tuseme linaanza kuanguka kutoka mita 1,000 juu yetu. Kwa kanuni ya sekondari, bila hewa, lingefika chini likiwa na mwendo wa mita 140 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilometa 500 kwa saa. Mvua ya namna hiyo ingetoboa migomba, na hakuna mtu angethubutu kutoka nje. Tone kubwa la mvua hasa hufika na mwendo wa mita 9 hivi kwa sekunde, kama kilometa 32 kwa saa, kwa sababu kadiri linavyokwenda kasi ndivyo hewa inavyolizuia zaidi, mpaka uzito wake na kizuizi cha hewa vinalingana na mwendo hauongezeki tena. Kijana anaweza kupata alama zote kwenye mtihani kwa kanuni ambayo mvua yenyewe haiifuati.

Mambo ya namna hii yamejaa katika fizikia. Kanuni ya bembea tuliyofundishwa ni sahihi kama bembea inacheza kidogo tu. Ikipanda juu sana, kanuni inaanza kukosea. Jua na sayari moja zinakokotoleka vizuri kwa kalamu; ongeza sayari ya pili zikiwa zote zinavutana, na hakuna kanuni moja fupi ya jumla itakayokupa jibu. Wanafizikia hawakushindwa hapo. Walichofanya ni kukata muda vipande vidogo vidogo na kukokotoa kipande kimoja baada ya kingine, kwa subira. Njia rahisi kuliko zote ya kufanya hivyo ina jina la Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi wa karne ya 18, ambaye hakuwa na kompyuta. Kompyuta imeleta subira isiyochoka.

CHAI INAYOPOA

Mfano unaotumika sana katika kozi hizi ni kikombe cha chai kinachopoa mezani, na tunapenda kamati zijaribu wenyewe kwa penseli. Hauhitaji umeme.

Chai ina nyuzi joto 85. Chumba kina nyuzi joto 25. Isaac Newton alionyesha kwamba kitu hupoa kwa haraka kulingana na tofauti iliyopo kati yake na mazingira yake: tofauti ikiwa kubwa kinapoa haraka, ikiwa ndogo kinapoa polepole. Tuseme kikombe chetu kinapoteza sehemu moja ya kumi ya tofauti hiyo kwa dakika.

Sasa tofauti ni 60. Sehemu ya kumi ni 6. Basi baada ya dakika moja chai ina nyuzi joto 79. Tofauti sasa ni 54, sehemu ya kumi ni 5.4, na dakika ya pili inatukuta kwenye 73.6. Tofauti ni 48.6, toa 4.86, dakika ya tatu ni 68.74. Mtaona kwamba kila dakika tunarudia hesabu ileile. Mkiendelea hivyo hadi dakika ya kumi mtafika 45.9, ikiwa hamjakosea kutoa.

Kurudia huku ndiko moyo wa kozi nzima. Mwanafunzi anaiandikia kompyuta maagizo ambayo kwa Kiswahili yangesomeka hivi:

Joto la chai ni 85.
Joto la chumba ni 25.
Hatua ni dakika 1.
Rudia yafuatayo mpaka dakika 10 zitimie:
tafuta tofauti kati ya chai na chumba;
zidisha tofauti kwa 0.1, kisha kwa hatua;
punguza kiasi hicho katika joto la chai;
andika jibu.

Ni mistari minane. Kompyuta inaimaliza kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi. Kwa kuwa haichoki, mwanafunzi anaweza kuiambia ikate dakika vipande kumi, kila hatua iwe sekunde sita, irudie mara 100. Jibu linakuwa 46.96. Akikata kwa sekunde moja moja, mara 600, linakuwa 47.05. Jibu kamili, lile linalopatikana kwa hisabati ya juu, ni 47.07. Kwa hiyo hatua zikiwa ndogo jibu linasogea kwenye ukweli.

Na hatua zikiwa kubwa je? Hapa ndipo mhadhiri mzuri husimama na kuwaacha wanafunzi wajikute matatani. Weka hatua ya dakika 5, rudia mara mbili: chai ina nyuzi joto 40, imepoa mno. Weka hatua moja ya dakika 10: chai ina 25 kamili, imekuwa sawa na chumba. Weka hatua moja ya dakika 15. Tofauti ni 60, zidisha kwa 0.1, zidisha kwa 15, unapata 90. Toa 90 katika 85. Chai ina nyuzi joto 5 chini ya sifuri. Imeganda kuwa barafu, mezani, katika chumba cha nyuzi joto 25.

Programu haina kosa lolote la kisarufi. Kompyuta haikulalamika. Imetekeleza kila ilichoambiwa, na jibu limetoka likiwa na desimali zake safi. Mwanafunzi aliyekunywa chai maishani mwake anacheka na kurudi kutafuta kosa. Lakini je, kama programu hiyo ingekuwa inakokotoa kitu ambacho hajawahi kukinywa, kama joto ndani ya nyota, au kiasi cha mionzi anayopewa mgonjwa wa saratani? Kwa sababu hiyo kozi nzuri humfundisha kijana kupunguza hatua kwa nusu na kuona kama jibu linabadilika, na kujaribu kwanza programu yake kwenye swali ambalo jibu lake linajulikana. Hata vipimo vyenyewe hukaguliwa. Mwaka 1999 chombo cha Marekani cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza, na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za mfumo wa metriki.

SEHEMU YA KUMI ISIYOKWISHA

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hulikuta katika wiki za kwanza na kudhani mashine ni mbovu. Wanaiambia kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2, nayo inajibu 0.30000000000000004.

Mtunza hazina yeyote ataelewa sababu. Gawanya shilingi 10 kwa watu watatu: 3.3333, na tatu hazina mwisho, kwa hiyo unakata mahali fulani. Kompyuta huhesabu kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na katika hesabu hiyo sehemu moja ya kumi ndiyo isiyokwisha. Kwa hiyo inakata. Kinachokatwa ni kidogo sana, na kwa kawaida hakina madhara.

Lakini tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, mtambo wa Patriot wa kudungua makombora uliokuwa Dhahran, Saudi Arabia, ulikuwa umewashwa kwa saa 100 mfululizo. Saa yake ya ndani ilihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na kila hesabu ilipungua kwa kile kidogo kilichokatwa. Kwa saa 100 upungufu ulikuwa umefikia takriban theluthi moja ya sekunde. Kombora la Scud husafiri zaidi ya nusu kilometa katika muda huo. Mtambo ulilitafuta mahali ambapo halikuwepo, na kombora likaangukia kambi. Askari 28 wa Marekani walikufa.

Tumeieleza habari hii kwa kirefu kwa sababu wajumbe wengine hudhani kozi ya programu ni kujifunza kuchapa barua na kutengeneza majedwali. Ujuzi huo ni mzuri, nasi ofisini tunautumia kila siku, lakini ni kazi nyingine kabisa.

KOZI INAVYOKWENDA

Kozi nyingi za namna hii siku hizi hutumia lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum. Wazee wa fizikia walianza na FORTRAN, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1957 chini ya John Backus, na msishangae kusikia kwamba FORTRAN bado inafanya kazi hadi leo, hasa katika programu kubwa za utabiri wa hali ya hewa. Python imependwa kwa wanaoanza kwa sababu maneno yake ya maagizo ni machache, na inasomeka karibu na lugha ya kawaida. Jambo la kuwafurahisha wafadhili: inapatikana bure, kisheria, pamoja na vifaa vyake vya kukokotoa na kuchora grafu.

Wiki za mwanzo mwanafunzi hujifunza kuipa namba jina, kurudia, na kuchagua: kama hivi basi fanya hivi, la sivyo fanya vile. Baadaye anasoma vipimo vya maabara kutoka katika faili na kuvichora grafu. Kisha zinaanza kazi za fizikia yenyewe: chai, tone la mvua, mpira unaorushwa penye upepo, sayari inayozunguka jua. Ipo kazi moja tunayoipenda ya vitu vyenye mionzi. Hakuna ajuaye punje ipi ya atomu itapasuka sasa hivi, kwa hiyo mwanafunzi anaiambia kompyuta irushe dadu kwa kila atomu. Zilizopata namba fulani zinaondolewa, zilizobaki zinarushiwa tena. Kila atomu inakwenda kwa bahati, lakini kundi zima linapungua kwa utaratibu uleule ulioandikwa katika vitabu. Shule isiyo na kompyuta inaweza kulifanya zoezi hili kwa punje za mahindi zilizopakwa rangi upande mmoja.

Ugumu mkubwa wa kozi uko katika kutafuta kosa. Nukta mbili moja ikisahaulika mwisho wa mstari, programu nzima inagoma. Kijana aliyezoea kuwa wa kwanza darasani anakaa usiku kucha mbele ya mistari kumi isiyotaka kwenda, na wengine hukata tamaa hapo, si kwa kukosa akili bali kwa kudhani kwamba wenzao hawakosei. Kufanya kazi wawili wawili husaidia sana, mmoja akiandika na mwingine akisoma kwa sauti. Kunakili kazi ya mwenzako, kwa upande mwingine, hakusaidii hata kidogo, kwani mtihani huwa ni programu nyingine.

Chuo kimoja kinachotajwa mara kwa mara katika jambo hili ni Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Mageuzi ya elimu ya juu yalipofanyika nchini humo mwaka 2003, walimu wa pale waliamua kwamba mwanafunzi wa sayansi aanze programu muhula wa kwanza kabisa, sambamba na hisabati, na kisha mekanika na masomo yanayofuata yaitumie. Mmoja wao, Hans Petter Langtangen, aliyefariki mwaka 2016, aliandika kitabu cha kiada cha programu kwa wanasayansi wanaoanza, kilichotoka mwaka 2009 kikitumia Python. Tunachokipenda katika mpango wao ni kwamba walimu wa hisabati, fizikia na kompyuta walikaa meza moja. Pale ambapo kozi hii inafundishwa peke yake na hakuna somo jingine linaloigusa, wanafunzi huisahau kabla ya mwaka wa pili kwisha. Hilo tumeliona kwa macho yetu.

Mjumbe mmoja alituuliza katika semina ya mwisho: kwa kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2022 kuna programu za akili bandia kama ChatGPT zinazoandika maagizo hayo zenyewe, kwa nini kijana asumbuke? Tulimrudisha kwenye chai. Akili bandia itaandika mistari ile minane vizuri kuliko sisi. Ikipewa hatua ya dakika 15 inaweza kuleta barafu kwa mwandiko safi kabisa. Lazima awepo mtu wa kusema hapana, rudia.

KOMPYUTA GANI, KWA BEI GANI

Kozi ya kwanza haihitaji mashine ya kifahari. Kompyuta mpakato iliyotumika, yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4, betri inayoshika saa mbili tatu na kibodi isiyo na herufi zilizokufa, inatosha kabisa. Msinunue kwa kuangalia ukubwa wa kioo. Angalieni betri, kwa maana umeme ukikatika jioni ndipo kazi inapopotea. Simu ya mkononi inaweza kuendesha programu ndogo, lakini kuandika mistari 60 kwa vidole gumba ni adhabu, tusimtume kijana nayo tukidhani tumemsaidia.

Aidha, tunashauri mashine ibaki mali ya usharika na iandikwe katika daftari la mali, ili mwanafunzi akimaliza apewe anayefuata. Na kabla hajaondoka kwenda chuo, apewe mwezi mmoja wa kuizoea kibodi hapa nyumbani, hata kwa kuchapa kumbukumbu za vikao vya kamati. Kijana wetu yule alituambia mwezi huo ungemtosha.

MASWALI YA KIKAO

1. Katika maombi mliyokataa miaka mitatu iliyopita, kuna kitu mlichokiita anasa ambacho mwombaji hakupata nafasi ya kukieleza? Mwiteni awaeleze.

2. Pimeni chai halisi kwa kipimajoto kila dakika kwa dakika kumi, kisha mlinganishe na hesabu ya penseli. Je, sehemu ya kumi kwa dakika inakaribia kikombe chenu, au ni nyingi mno? Kikombe chenye kifuniko je?

3. Kokotoeni chai ileile kwa hatua ya dakika 20, mara mbili mfululizo. Baada ya hatua ya kwanza mtapata nyuzi joto 35 chini ya sifuri. Tafuteni kinachotokea katika hatua ya pili, mtuandikie mnaonaje. Majibu ya sharika tutayachapa katika toleo lijalo.